Televisheni Tatu, King'amuzi Kimoja

Televisheni zote tatu ziliganda kwa mpigo mmoja: ya mbele juu ya usukani, ya chumbani, na ile ya nje iliyofungwa ndani ya kabati ubavuni mwa gari-nyumba lao. Mtangazaji wa Minnesota alikuwa katikati ya habari za theluji iliyofunga barabara huko kwao. Alibaki mdomo wazi, kisha picha ikakatika vipande na vioo vikawa vyeusi.

"Kigawanyio hicho," alisema Duane Tveit. "Nilijua sijakikaza."

Asubuhi nzima alikuwa amehangaika na kazi hiyo. King'amuzi kilikuwa kimoja, televisheni tatu, na watu watatu wasiopenda kitu kimoja. Alitoa waya kwenye king'amuzi, akauingiza kwenye kigawanyio, kisha akatandaza nyaya tatu zilizotambaa chini ya makochi mpaka kwenye kila televisheni. Kazi ilifaulu, ila king'amuzi kimoja hutoa chaneli moja. Mwenye rimoti ndiye sultani, wengine hutazama anachotazama yeye. Na rimoti ilikuwa mkononi mwa Orrin, mdogo wake Duane, mgane mwenye magoti mabovu, anayefuatana nao Arizona kila msimu wa baridi.

Marlys, mke wa Duane, alikuwa anaosha vikombe. "Ikizima moja, laumu waya wake," alisema. "Zikizima zote, shida iko juu. Hebu tazama angani kwanza."

Duane hakutazama. Alikwishashika ngazi na kupanda juu ya gari, bisibisi mdomoni. Kule kambini kwa wenzao wenye magari-nyumba aliondoka akilalamika kwamba magari ya watu yanamzibia dishi upande wa kusini, akaliendesha hilo gari-nyumba lake kubwa peke yake jangwani, mpaka ukingoni mwa korongo kavu ambako kusini kulikuwa kweupe. Korongo hilo lilitoka kwenye milima hiyohiyo ya kusini. Hilo hakulifikiria.

Marlys alichungulia dirishani. Pale walipo jua lilikuwa linawaka, lakini kusini, dishi lilikoelekea, milima haikuonekana tena. Kulikuwa na weusi mtupu ulioshuka mpaka chini. Stesheni za Arizona zilikuwa zinasoma tahadhari ya mafuriko tangu alfajiri, ila wao walilipia za nyumbani.

"Duane, shuka," aliita.

Kwanza ukaja mngurumo, kama lori linamwaga kokoto. Kisha maji ya kahawia yakapinda kona ya korongo yamebeba magogo. Gari dogo walilokuwa wakilivuta nyuma lilikwenda kwanza. Ukingo ukamegeka, gari-nyumba likayumba na kulala ubavu nusu, na Duane akadondoka. Ngazi ilimbana mguu, ikauvunja, ikamwachia majini.

Orrin, ambaye siku zote huhitaji mtu amnyanyue kwenye kochi, alikamata bunda la waya wa dishi lililobaki, akajifunga kiunoni, akamrushia Marlys ncha nyingine. Marlys aliizungusha kwenye nguzo ya kiti cha dereva na kuishika kwa mikono miwili. Waya ulimchana viganja. Orrin aliingia maji ya kifua, akamdaka kaka yake kwenye kola, na wakatoka wote wawili wakitapika matope.

Mfupa ulikuwa umetokeza chini ya goti. Marlys aliunyoosha mguu kadiri alivyoweza, akauwekea vibao vya droo huku na huku, akaufunga kwa vipande vya waya uleule. Duane alizimia, na hilo lilirahisisha kazi.

"Maji ya kunywa?" aliuliza Orrin.

"Tangi limepasuka."

"Basi tumekwisha."

"Kuna hita ya maji ya kuoga. Ndani yake kuna maji." Alifungua bomba la chini la hita, akakinga kwa sufuria. Yalitoka ya vuguvugu, yana ladha ya chuma, lakini yalikuwa safi. Simu haikushika mtandao. Walilala wamebanana sakafuni palipoinama, meno yakigongana kwa baridi.

Asubuhi maji yalikuwa bado yanakwenda kasi korongoni. Marlys alisikia injini, akatoka. Ng'ambo alisimama mtu juu ya pikipiki ya magurudumu manne, mwenyeji wa hukohuko kwa ile kofia yake.

"Habari za huko, mama," alipaza sauti. "Naona gari limeinama. Niwaitie watu?"

Hapo ndipo mambo yalipoharibika kweli. Kwao Marlys, kule Minnesota, mtu hapokei kitu kwa kukaribishwa mara ya kwanza. Ukikaribishwa keki, unasema hapana, nimeshiba. Unakaribishwa tena, unasema usijisumbue. Mara ya tatu unakubali kipande kidogo, na hapo heshima imetimia. Marlys alilelewa hivyo, akazeeka hivyo.

"Aa, usijisumbue," alijibu. "Tuko sawa tu."

Kutoka ndani Duane, midomo imepauka, akaongeza, "Mwambie tutajinasua wenyewe!"

Marlys akasubiri aulizwe mara ya pili. Yule mtu alipunga mkono, akageuza pikipiki, akaenda zake. Vumbi lake lilitulia.

Orrin alitokeza kichwa. "Huyo nani? Umemjibu nini, shemeji?"

"Nimemwambia tuko sawa."

"Sawa na nani? Na maiti?"

"Nilidhani atauliza tena."

"Huyo si wa kwetu. Wa huku ukimwambia hapana, anasikia hapana."

Marlys alikaa chini kwenye matope na aibu ikampanda mpaka masikioni. Alijichukia. Mficha maradhi kifo humuumbua, na watu wa kwao wanayafunika maradhi kwa blanketi safi na kumchemshia mgeni kahawa. Ndani, Duane alikuwa ameanza kuwaka homa.

Mchana mguu ulivimba na kunuka. Orrin bega lilikuwa limeteguka kule majini na magoti yake yote mawili hayakunjiki. Marlys alijaza maji kwenye galoni la juisi.

"Kaa," alisema Duane. "Maji yatakauka, atapita mtu mwingine."

"Mguu unanuka, Duane. Hapa simngoji mtu."

"Utapotea."

"Maji yameteremka kuelekea barabarani. Nitafuata korongo."

Njia waliyojia ilikuwa imefutika kabisa. Alitembea pembeni mwa korongo, mwanamke wa karibu miaka sabini mwenye viatu vya kuendea dukani, akizama, akivuta mguu, akizama tena. Kichaka cha dungusi kilimng'ang'ania kiganja kwa tonge la miiba. Kulivuta kwa mkono mwingine ni kuunasisha na huo wa pili, kwa hiyo alitoa kitana mfukoni, akakipitisha chini ya tonge na kulirusha mbali. Damu ilimchirizika. Alikunywa kidogo, akaenda. Jua lilimpiga kisogoni na ulimi ukamganda. Akaanza kuzungumza na Duane kwa sauti, akimtukana matusi ambayo hajawahi kuyatamka ndani ya nyumba, kisha akamwomba asife.

Galoni lilipoisha alipanda kilima kuangalia. Chini aliona vitu vyeupe vinametameta: madishi ya kambi ya magari-nyumba, mengi, yote yameelekea kusini kama waumini na kibla. Aliteremka kwa makalio.

Mwanamke aliyekuwa anakaanga nyama mbele ya gari lake alimwona akija, akavuta kiti. "Masikini, dada yangu. Kaa. Nikupe maji?"

"Hapana, usijisu—"

Marlys alijiziba mdomo kwa kile kiganja cha damu. Yule mwanamke alimshangaa.

"Ndiyo," alisema alipoachia mkono. "Nipe maji. Niitie helikopta. Mume wangu mguu unaoza, yuko kule korongoni, na mimi nilimfukuza mtu aliyekuja kutuokoa. Nisaidie. Usinisikilize nikisema hapana."

Helikopta ilimchukua ili aonyeshe mahali. Walimkuta Orrin amekaa amempakata kaka yake, anamlowesha midomo kwa kitambaa. Mhudumu, binti mwenye sauti ya upole, alipiga magoti kando ya Duane na kukata ule waya.

"Mzee, unanisikia? Maumivu yako, moja mpaka kumi, ni ngapi?"

"Mawili," alisema Duane. "Mwangalieni huyu mdogo wangu kwanza. Mimi sina neno."

Binti akaanza kugeuka kumwelekea Orrin. Marlys alimshika mkono asiondoke.

"Muulize tena," alisema. "Na tena."

Binti aliuliza tena. Duane alimtazama mkewe, nywele zimejaa mchanga, midomo imepasuka. Kidevu kikaanza kumtetemeka. Katika ndoa yao yote Marlys hakuwahi kukiona kidevu hicho kikitetemeka, hata siku walipomzika mama yake Duane.

"Kumi," alisema. "Naumwa, Marlys. Naumwa sana. Niliogopa hutarudi."

Mguu ulikatwa chini ya goti siku hiyohiyo, na yeye akapona.