Chama cha Kusindikizana

Upepo wa Mikumi uliyumbisha karatasi za vyama vyote vya wanafunzi asubuhi ile, isipokuwa daftari la meza ya mwisho. Wa klabu ya wanyamapori walikuwa wanakimbiza fomu zao uwanjani, wa mdahalo wameziwekea mawe, wa kwaya wameamua kuzikalia kabisa. Daftari la meza ya mwisho lilikuwa wazi, halina jiwe, na hakuna ukurasa uliotikisika.

Tumwagile aliliona hilo akaliacha lipite. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, wiki ya kwanza, ana mengi ya kushangaa. Alikuwa ametoka Chanzuru siku nne tu zilizopita, kwa mama yake Marselina, mjane asiye na mtoto mwingine, na tangu afike chuoni alikuwa anakula peke yake na kwenda darasani peke yake. Upweke ulikuwa umemkaba. Alizunguka meza zote akitafuta pa kujiunga. Wa mdahalo walimtisha kwa maneno mengi. Wa kwaya walimwambia aimbe hapo hapo, akatoka mbio.

Kwenye meza ya mwisho alikaa kijana nadhifu, shati jeupe limefungwa mpaka kifungo cha shingoni. Hakumwita. Alinukia udi, na chini ya udi kulikuwa na harufu ya nguo iliyosahaulika majini.

"Chama chenu kinafanya nini?" Tumwagile aliuliza.

"Tunasindikizana. Mwanachama wetu hatembei peke yake."

Basi, hapo akanasa. Kijana akamsogezea daftari. Jina. Namba ya chumba. Jina la mama na mahali anapoishi.

Kwetu kila mganga, wa kutibu na wa kuroga, huanzia hapo hapo: jina lako na la mama yako. Tumwagile alilijua hilo tangu utotoni. Lakini mwezi mzima alikuwa anajaza fomu, ya kitambulisho, ya bima, ya bweni, na zote zilitaka jina la mama, mpaka mkono ukazoea. Aliandika Marselina, Chanzuru, bila kufikiri. Wino ulikauka kabla hajainua kalamu.

Jioni, akitoka maktaba, alisikia kandambili zinaburuzwa nyuma yake, hatua kwa hatua na zake. Aligeuka, hakuona mtu, ila harufu ile. Angekimbia, lakini alifarijika, na hilo ndilo linaloniuma ninapoisimulia habari hii. Hatua zilimfikisha mpaka mlangoni, chumba namba kumi na saba, alichokaa na msichana mwenzake wa Berega anayeitwa Loveth. Siku ya tatu hazikusikika tena. Tumwagile akasikitika.

Jumapili mama yake alipiga simu.

"Mwanangu, huyu mwenzako uliyeniletea ni mtoto wa nani?"

"Mwenzangu yupi, mama?"

"Wa shati jeupe. Kila siku saa saba, jua la utosi, ananisindikiza nikitoka shamba. Leo wamekuja watatu. Hawaongei. Na hawaniamkii, mwanangu. Mtu anafika chuo kikuu hajui kusema shikamoo?"

"Mnapita njia gani, mama?"

"Wala sijui. Najikuta tuko mtoni. Jana maji yalinifika magotini, na nyumba yangu haiko upande ule." Akacheka, kicheko ambacho binti yake hakukifahamu. "Tangu baba yako afe sijapata wa kutembea naye. Kesho tutafika mbali zaidi."

Alfajiri Tumwagile alipanda basi la Kilosa. Walipopita kijiji cha Ulaya alimpigia Bibi Sesilia, jirani yao anayetibu watu wa mashetani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Najua, nimewaona wakipita. Sasa sikiliza. Uliwaalika mwenyewe, mimi siwezi kuwaondoa. Na msindikizaji hafukuzwi, anashukuriwa. Waamkie kwanza. Hawampi mama yako shikamoo kwa sababu kwao yeye ni mtoto mdogo. Kisha uwashukuru, uwaambie warudi."

Saa saba ilimkuta anakimbia kwenye njia ya mtoni, jua limesimama, ndege wamenyamaza wote kwa pamoja, na kandambili zinaburuzwa mbele yake ingawa njia ilikuwa tupu, si za mtu mmoja wala watatu bali za umati, na harufu ya nguo zilizooza ikawa nzito hata akawa anavuta pumzi kwa mdomo, mpaka akatokea ukingoni akamwona mama yake katikati ya maji, maji yamemfika kifuani, jembe bado liko begani, anatabasamu, na pande zote mbili mashati meupe yamejipanga mpaka ng'ambo, wote wamempa mgongo binti aliyewaita.

"Shikamooni," alisema Tumwagile.

Waligeuka wote. "Marahaba," wakajibu, kwa sauti moja ya kizee.

"Asanteni kwa kumsindikiza mama. Inatosha. Rudini."

Mto ukawa mtupu. Tumwagile alijitosa, akamkumbatia mama yake akamvuta nje, wote wawili wanalia, na Marselina akauliza kwa nini nguo zake zimelowa.

Bibi Sesilia aliwapokea na chetezo cha udi. Alimfukizia Marselina mpaka akalala, ndipo akamgeukia binti.

"Uliwaambia warudi wapi?"

"Niliwaambia rudini tu, bibi."

"Msindikizaji akirudi, anarudi alikoanzia safari." Bibi aliweka chetezo chini taratibu. "Kwako walianzia wapi?"

Tumwagile alifikiria mlango wa chumba namba kumi na saba, walipomwacha wakaenda kwa mama. Simu ikaita. Alikuwa Loveth.

"Wageni wako wamefika," Loveth alisema kwa furaha. "Wale wa chama chenu. Wapole kweli, mbona hukuniambia mapema? Na mimi nimejiunga."

"Loveth, sikiliza. Usiandike kitu."

"Nimeshamaliza. Jina, chumba, jina la mama na Berega. Mbona wanaondoka tena?"

Nyuma ya sauti yake kandambili zilikuwa zinaburuzwa, nyingi, zinaelekea nje.