Salamu Ambayo Rebeka Hakuitoa

Jua lilikuwa limeshaegemea milimani pale Kisanga, shangazi Selestina alipomtuma Rebeka akachukue Biblia ya marehemu.

"Iko juu ya kabati, nyumbani kwa mama yako. Tunaihitaji kwa ibada ya jioni."

Ilikuwa siku ya nne tangu mama yake, Agatha, azikwe. Rebeka alikuwa amefika jana tu kutoka Mikumi, anakopikia madereva wa malori. Habari za msiba zilichelewa kumfikia kwa sababu namba zote za nyumbani alikuwa amezifungia kwenye simu.

Miaka miwili nyuma, mimba yake ya tatu ilipoharibika, nabii mmoja wa hema la maombezi alimwambia, "Aliyekuzaa ndiye anayekula watoto wako." Rebeka akaamini. Mama alipokuja Mikumi na kuku na maharage, Rebeka alisimama mlangoni kimya. Hata shikamoo hakumpa. Mama akangoja pale juani, akangoja. Mwishowe akamweka kuku chini, akarudi stendi.

Nyumba ilikuwa imefungwa kwa kamba tu. Akaifungua, akaingia.

Giza. Harufu ya majivu... na ya maharage yanayochemka.

Akagusa mafiga. Yalikuwa ya baridi.

Akapapasa juu ya kabati. Nyuma yake kitanda cha kamba kikalia taratibu, kama mtu anayejigeuza.

"Marahaba, mwanangu."

Akaivuta Biblia kifuani. Hakuwa amemsalimia mtu.

"Umekula?"

Ilikuwa sauti ya mama yake, ya chini, isiyo na hasira hata kidogo. Rebeka akakumbuka alivyofundishwa hemani.

"Toka," akanong'ona. "Toka kwa jina la Yesu."

Kisha, kutoka kitandani, polepole:

"Amina."

Akakaa sakafuni. Pepo gani angeitikia hivyo?

"Nisamehe," akasema. "Shikamoo, mama."

Hakujibiwa. Akarudia. Akarudia tena na tena. Shangazi alipomfuata na tochi ya simu, alimkuta amekumbatia Biblia, midomo bado inacheza. Kitandani hapakuwa na kitu, kamba tupu. Godoro lilishatolewa siku ya mazishi.

Rebeka akamsimulia yote. Shangazi akaketi kando yake.

"Mama yako ameondoka kwa uvimbe wa koo," akasema. "Tangu Pasaka hakutoa sauti. Hata jina lako alikuwa akiniandikia kwa kidole, hapa kiganjani. Na kila Ijumaa alifunga kwa ajili yako, mpaka tulipomkataza."

"Basi niliyemsikia ni nani, shangazi?"

"Sijui, mwanangu."

Mchungaji Yared, wa kanisa la pale Kisanga, naye hakujua. "Maandiko yanatukataza kutafuta habari kwa wafu," alimwambia. "Lakini kumheshimu mama tuliamriwa, na wengi siku hizi tunavunja amri hiyo huku tukisema tunaombewa. Zaidi ya hapo sina la kukueleza."

Rebeka akalia mbele yake, na Mchungaji hakumzuia.

Jumapili aliomba kusimama mbele ya kanisa. Akaeleza habari za nabii, za mlango, za mama kusimama juani. Akasema kwa kinywa chake kwamba alimwita mchawi mwanamke aliyekuwa akishinda njaa kwa ajili yake. Hakuna aliyemkemea. Hakuna aliyembembeleza pia.

Alipomaliza, akatafuta pa kukaa. Kwenye benchi la pili, alipozoea kukaa mama yake, akina mama wakaanza kusogea kumpisha, mmoja baada ya mwingine, macho yao madhabahuni.

Walisogea mno. Nafasi waliyoiacha ilikuwa ya watu wawili.