Sahani Yenye Pengo

SAA 2:40 ASUBUHI

Chumba cha nyuma ya kinu, mtaa wa Kampemba. Unga kila mahali, hata kwenye kope za Constantin, mkuu wa genge. Huyu aliwahi kukamatwa akiiba jeneza tupu, na bado alijiita bingwa. Alikuwa akieleza mpango.

Fundi mstaafu wa reli amefariki. Nyumbani kwake kuna matanga. Kabatini mna sahani mbili za Kiholanzi, nyeupe, zenye michoro ya buluu, zinafanana kama pacha. Moja ina zaidi ya miaka mia tatu. Nyingine ni nakala, ilinunuliwa kukamilisha jozi. Bwalya, mnunuzi, anangoja Mokambo, mpakani.

“Ku matanga, bintu byote bya salon banatoaka inje, bantu bapate fasi ya kuikala,” alisema Constantin. “Tutasaidia kubeba. Nani atauliza?”

Kuitambua ya kweli ilikuwa kazi ya Jephté, aliyepanga vyombo vya kale kwenye ghala la makumbusho mpaka wakamfukuza. Akawaeleza. Ya zamani ni udongo uliopakwa rangi nyeupe ya kung'aa. Rangi hubanduka ukingoni, udongo wa manjano ukaonekana. Chini ina makovu matatu ya tanuri na alama ya mchoraji, kwa brashi. Nakala ni safi, na chini imeandikwa jina la mji, Delft, pamoja na taji.

Constantin akacheka. Mtu huyu hununua viatu kwa kusoma soli.

“Original banaandikaka jina. Lakini sawa. Bwalya alisema mwenye kukosea hatarudia. Ikikuwa mubaya, ni kichwa yako, Jephté.”

Osée, dereva, alifuta unga kwenye funguo za gari. Hakuna aliyemwuliza lolote.

SAA 5:15

Walilia vizuri. Constantin aliwashinda watoto wa marehemu, kamasi na yote. Hana haya hata chembe. Kisha wakabeba viti, meza, kabati. Uani Jephté akapitisha kidole kwenye ukingo wa sahani, akagusa pengo, akahesabu makovu matatu. Akamkabidhi Constantin mwenye mfuko. Papo hapo shangazi wa marehemu akamshika Jephté mkono akamsaidie kutoa kochi. Dakika mbili tu.

SAA 7:00 MCHANA

Wakiwa njiani, Constantin akaanza kujisifu.

“Ile yako ilipasuka ku bord, pa ukingo. Niliirudisha, nikakamata ya muzuri.”

Jephté akaigeuza sahani, akaona taji. Aliogopa, na alimchukia mpumbavu huyu kwa moyo wake wote.

“Mzee, turudie ku matanga. Hii ni copie.”

“Tunaenda. Bwalya akiuliza, ni weye ulichagua.”

Osée alisikia kila neno.

SAA 9:30

Mokambo, Bwalya aliigeuza sahani, akasoma, akaitupa kitini. Akauliza nani aliyechagua. Constantin alimnyooshea Jephté kidole kabla swali halijaisha.

“Bongo, anadanganya,” alisema Osée. “Ni Constantin alibadirisha. Ya kweli ilibakia ku matanga.”

Miaka tisa alikuwa amemwendesha Constantin, na hilo ndilo neno refu zaidi Constantin alilowahi kulisikia kutoka kwake. Watu wa Bwalya wakamburuta Constantin nyuma ya ukuta. Akalia tena, safari hii kwa kweli, na vibaya. Mlio mmoja wa risasi.

Bwalya akampa Osée bastola. Aende na Jephté, arudi na sahani ya kweli. Akiikosa, Jephté abaki hukohuko, na risasi kichwani.

SAA 12:50 JIONI

Matangani, Jephté alimkuta shangazi akigawa ugali. Akamwuliza kwa heshima kuhusu sahani ya buluu yenye pengo.

“Ile ya kupasuka? Tupatie bageni bukari mu sahani ya vile? Ni haya, baba. Nilitupa ku shimo.”

Shimo la taka lilikuwa nyuma ya jiko. Alipiga magoti akachakura kwenye majivu na vichwa vya samaki, akatoa vipande saba. Akakifuta kimoja kwa shati. Ndani, udongo wa manjano. Juu yake, weupe mwembamba. Hakukosea hata kidogo.

Alivipanga chini kimoja kimoja. Alama ya mchoraji ilikuwa nzima. Nyuma yake, hatua za Osée zikasimama.