Mkalimani wa Chumba Namba Nne

Mapokezi ya hospitali kuu yalifurika asubuhi ile, watu wamebanana hadi mlangoni. Fundi, kijana wa kutengeneza simu, shati la drafti limepigwa pasi upande mmoja tu, alikuwa anapenya na mama yake kuelekea chumba namba nne. Akazuiwa na dada mwenye kizibao cha zambarau na raba nyeupe pe.

"Shikamoo mama," dada akaamkia kwa lugha ya milimani. Kisha akamgeukia Fundi kwa lugha ya mjini. "Wewe kaka kaa hapo kwenye benchi. Mimi ndiye mkalimani."

"Mkalimani wa nini? Huyu ni mama yangu, nimemtafsiria miaka yote."

"Sheria mpya. Ndugu hatafsiri tena."

"Na ukikosea?"

"Nikikosea nafukuzwa kazi. Wewe ukikosea, nani atakufukuza?"

Fundi akakaa kwenye benchi. Neno lile lilimchoma kuliko yule dada alivyodhani.

Sheria yenyewe ilikuwa na miezi mitatu. Miaka nenda miaka rudi watu wa milimani walikuwa wanakufa kwa magonjwa ambayo majirani zao wa mjini wanapona, na ndiyo kwanza wakubwa wakajiuliza kwa nini. Haya, bora walijiuliza. Kila hospitali ikaambiwa iajiri wakalimani. Kwa lugha ya milimani akaajiriwa mmoja tu, huyu dada, na dalili ya kuongezewa mwenzake haikuwepo.

Mama alipotoka, Fundi alikuwa amesimama mlangoni anatabasamu.

"Kioo cha simu yako kimepasuka, Bi Sheria. Lete nikutengenezee."

"Ili uondoke na namba yangu?"

"Umejuaje?"

Mkalimani akacheka, akampa simu. Hakuwa na wa kumpigia hata hivyo. Alipanga chumba ambacho jirani wa ukuta mmoja hakujua hata jina lake. Fundi naye, tangu azike baba yake mwaka uliopita, alikuwa anakula amesimama, palepale kwenye meza ya kazi.

"Umekula?" Fundi aliuliza kila jioni kwenye simu.

"Nimekula. Wewe je?"

"Chai."

"Chai si chakula, wewe!"

"Basi njoo unipikie, mpenzi."

"Thubutu!"

Lakini alikwenda, amevaa gauni la bluu lenye vifungo mpaka chini. Alikwenda Jumapili sita mfululizo, na kila Jumapili alikwenda na siri moyoni. Siku ileile ya kwanza, mle chumba namba nne, mama alikuwa amemwonyesha daktari uvimbe kwenye titi. "Mwanangu asijue," mama alisema. "Bado hajamaliza kumlilia baba yake." Na mkalimani ameapa: la chumbani halitoki chumbani.

Lilitoka kwa muuguzi. Alimpigia Fundi simu alete nguo za mama, kesho anapasuliwa saratani ya titi. Fundi akamkuta mpenzi wake kwenye korido.

"Ulijua!"

"Nilijua."

"Jumapili sita unacheka na mimi, unajua mama yangu ana saratani!"

"Niliapa, Fundi."

"Basi kaa na kiapo chako!"

Akaondoka. Wiki tatu hakupiga. Mkalimani alikuwa akirudi chumbani, anapika chakula cha mtu mmoja, anakila bila kusikia ladha. Siku nzima alisema maneno ya watu wengine, na ikifika jioni hakuna wa kumwambia hata neno moja lake. Jamani, upweke unauma.

Kisha daktari akamwita Fundi. "Tumeuwahi. Mama yako alieleza kila kitu, tangu siku ya kwanza. Sasa tunaanza dawa, halafu tutamfuatilia miaka mitano."

Fundi alimkuta mkalimani kwenye ngazi za nyuma, anakula peke yake.

"Nisamehe," akasema, akakaa chini. "Nikwambie kitu sijamwambia mtu. Baba alipougua nilimtafsiria mimi. Daktari aliuliza kama anapata shida ya kukojoa. Sasa mimi mtoto wake nitamuulizaje baba yangu jambo kama lile? Nikajibu mwenyewe. Nikasema hana shida. Alikuwa nayo, dada. Tulipokuja kujua, saratani ilishasambaa."

Mkalimani akamshika mkono.

"Na mimi nina langu," akasema. "Leo nimemwambia msimamizi wangu kuhusu sisi. Nilipaswa kusema tangu mwanzo. Nikiwa na wewe, siingii tena na mama. Mkalimani hatakiwi kuwa mtu wa familia ya mgonjwa."

"Si wataleta mwingine?"

"Hakuna mwingine."

"Sasa nani atamtafsiria?"

Mkalimani alimtazama. "Wewe. Pasipo mkalimani, wanamrudia ndugu."

Fundi akatazama sakafu. "Tusubiriane basi."

"Miaka mitano? Kila wiki nikuone hapo nje, nijifanye sikujui? Siwezi, mpenzi. Ama tuwe pamoja, ama tuachane kabisa."

"Ningekuoa leo hii."

"Najua. Nakupenda mno. Lakini uamue wewe, mama ni wako."

Fundi alikikumbuka kile kiti cha pembeni ya daktari, na uso wa baba yake ukisubiri aambiwe ameulizwa nini. Machozi yakamtoka.

"Ingia na mama," akasema.

Mkalimani akaitikia kwa kichwa. Akafunga bakuli lake na chakula hakijaisha, akalia waziwazi, hakujificha. Kabla hajainuka, Fundi alitoa simu, akaifuta namba ya mkalimani huku mwenyewe anaangalia.

Siku ya dawa za kwanza Fundi alimsindikiza mama hadi mlangoni. Mkalimani alimsalimia kama anavyosalimia ndugu wa wagonjwa wote, akamshika mama mkono, wakaingia. Fundi alikaa kwenye benchi. Baada ya muda akamsikia mama yake akicheka mle ndani, cheko ambalo hakulisikia tangu msiba, kisha na yule mwingine akacheka. Hakujua wanacheka nini, na hakuna aliyetoka kumwambia.