Karibu Mama, Kaa

Kiti kilikuwa na joto, na hakuna mtu aliyekikalia.

Binti mwenye kiti hicho alikuwa mpiga picha. Tangu mamake afariki, kazi yake ikawa moja tu: anavaa magauni ya marehemu, anajifunga kitambaa kama yeye, anakaa sebuleni, kamera ameitega ipige yenyewe. Pembeni kiti kitupu. Kabla kamera haijalia, anakipapasa kile kiti, anasema, "Karibu mama, kaa."

Mama mdogo wake akamwambia, "We mtoto, kiti kitupu hakikaribishwi. Utamkaribisha usiyemjua."

"Sanaa tu hiyo, mama mdogo."

"Sanaa! Haya, ikikuitikia usinipigie simu."

Ikaitikia. Picha ya kwanza, mto wa kiti umebonyea. Ya pili, pindo la gauni linaning'inia kitini. Halafu harufu ya mafuta ya nywele ya marehemu ikajaa nyumba nzima, na alasiri moja, jua lingali linawaka, watoto wanacheza nje, akasikia nyuma yake kikohozi, kilekile alichokisikia kwenye simu siku ile aliposema nitakuja kesho mama, leo nina harusi ya kupiga picha, na hiyo kesho akakuta watu wameshajaa uani, na sasa mkono wa baridi ukamgusa shingoni, ukaanza kumnyoosha kola kama mtoto anayepelekwa shule, naye hakukimbia, alifumba macho akaacha anyooshwe.

Akakonda, akabaki macho tu. Mama mdogo akaleta mganga, bibi mmoja mfupi. Kunusa tu mlangoni, akarudi nyuma.

"Huyo si mama yako," akanong'ona. "Jini. Amemvaa mama yako kama wewe ulivyovaa gauni lake. Anakufyonza. Na mimi simuwezi. Umemkaribisha wewe, umtoe wewe."

Binti akalia mpaka sauti ikakauka. Akasema, "Toka."

Hakukuwa na kishindo. Kiti kikalia, kama anapoinuka mtu mwenye kiuno kibovu.

"Haya, mwanangu," sauti ikasema, taratibu. "Umekula lakini?"

Nyayo zikaburuzika hadi nje. Mganga akafunga mlango, akasoma dua zake, akaaga. Mama mdogo akaingia jikoni kukoroga uji. Aliporudi na bakuli, alimkuta binti amepiga magoti, shavu kaliegemeza mlangoni, komeo ameshalifungua.

"Sijala, mama," ananong'ona. "Njoo."