Hema la Kuvizia Swala

Wanaomfahamu Isack Swai pale Richardson, jimboni Teksas, Marekani, watakwambia ni mtu asiye na makuu. Asubuhi hupanda treni kwenda ofisini kwao, kwenye mambo ya kompyuta, jioni hurudi, Jumapili utamkuta kanisani na mkewe Ndeshi, ambaye ni nesi. Maisha yake yote hata kuku alikuwa hajawahi kumchinja. Kwa hiyo siku aliyoingia sebuleni na upinde begani, Ndeshi alicheka mpaka akakaa chini.

"Swai, unakwenda vitani?"

"Nakwenda kuwinda swala."

Aliyemtia kwenye shughuli hiyo ni Jordan, Mmarekani anayekaa naye meza moja kazini. Kila mwaka Jordan huenda kaskazini kabisa mwa Teksas, kwenye tambarare za majani mafupi na upepo usiokoma. Swala wa huko wana macho makali ajabu. Mwenye bunduki anaweza kumpiga kwa mbali, lakini mwenye mshale hana ujanja, lazima mnyama amsogelee. Ndiyo maana wawindaji huweka kihema karibu na bwawa wanakonywea swala. Kihema hicho ndani ni cheusi tititi, kina vidirisha vya zipu. Unaingia na nguo nyeusi, unakaa kwenye kigoda, unanyamaza saa nzima nzima. Swala akija kunywa, wewe unamwona, yeye hakuoni.

"Kulenga ukiwa umekaa si sawa na kulenga umesimama," Jordan alimwambia. "Tafuta hema, lisimamishe uani kwako, ufanye mazoezi humo humo. Na uzoee kukaa kimya. Hilo ndilo linalowashinda wengi."

Isack akalipata mtandaoni, limetumika kidogo, kwa mama mmoja wa Kizungu nje ya Houston. Jumamosi hiyo walikuwa wanakwenda Houston hata hivyo, mtaa wa Gulfton, kumpongeza Clothilde, rafiki wa Ndeshi kutoka Bukavu, aliyekuwa amejifungua. Isack alimwacha mkewe huko, akaenda peke yake kuchukua hema.

Yule mama alikuwa amekwisha kuliweka barazani. Mlango nyuma yake ulikuwa wazi, na mezani ndani alionekana mwanaume wa makamo amekaa wima, mikono juu ya meza, anatabasamu.

"Mzee ameacha kuwinda?" Isack aliuliza, kwa kutafuta la kusema.

Mama hakugeuka kutazama ndani. "Una mke?" aliuliza.

"Ninaye."

Midomo ya mama ilichezacheza kama anayetaka kusema neno. Kisha akalisukuma lile furushi kwa mguu. "Lichukue. Ondoka nalo sasa hivi."

Isack alipokuwa anafunga buti ya gari alitupa jicho mlangoni. Kiti cha yule mwanaume kilikuwa kitupu.

Hakulitilia maanani. Wiki hiyo alisimamisha hema uani, kidirisha kimoja kikitazama shabaha ya sponji kwenye uzio, kingine kikitazama jikoni kwake. Kila jioni jua likiwa bado juu, aliingia, akafunga zipu, akakaa. Alirusha mishale mpaka bega likamuuma. Kisha aliweka upinde magotini akazoea kile alichoambiwa, kunyamaza. Humo ndani joto lilikuwa kali na giza lilikuwa zito, na alishangaa kuona anapapenda.

Siku moja, akiwa amekaa hivyo, alichungulia kidirisha cha upande wa nyumba. Ndeshi alikuwa anaosha vyombo. Kando yake alisimama mwanaume amempa Isack mgongo. Anafuta sahani kwa taulo, anazipanga kabatini. Ndeshi alisema kitu, akacheka, akamgusa yule mtu mkono.

Isack alitoka mbio. Alipofungua mlango wa jikoni, Ndeshi alikuwa peke yake.

"Yuko wapi?"

"Nani?"

"Mwanaume aliyekuwa hapa!"

Ndeshi alimwangalia kama anayeangalia mgonjwa. "Swai, si wewe? Umetoka hapa sasa hivi. Hata taulo umeliacha hapo."

Taulo lilikuwa bichi.

Usiulize usingizi wa siku ile. Kichwani mwa Isack kulikuwa na jina moja tu: Nyaga. Huyu alikuwa Mkenya mwenye roli, jirani yao, mcheshi, mtu wa kumletea Ndeshi majani ya chai kila akitoka kwao. Miili yao haikupishana sana. Kesho yake Isack alimpigia.

"Jana jioni ulikuwa wapi?"

"Mimi niko Arizona, bro, tangu juzi." Mngurumo wa roli ulisikika nyuma yake. "Kwani kuna nini? Madam yuko salama?"

Isack akakata simu. Sasa hakumwamini mke, hakumwamini jirani, na macho yake pia alianza kuyatilia shaka. Kila jioni alirudi hemani. Alijidanganya kwamba ni mazoezi. Mishale ilibaki kwenye podo. Alikaa akivizia nyumba yake mwenyewe.

Na kila jioni yule mtu alikuja. Hakuonekana akiingia. Ungepepesa jicho tu, ukamkuta yupo. Mara anamenya viazi. Mara amekaa mezani na Ndeshi, wanakunywa chai, kichwa amekiinamisha anamsikiliza. Kila mara alimpa Isack mgongo. Na kila mara shati lilikuwa la Isack.

Mwishowe aliuliza kwa upole, akiwa ameketi na mkewe sebuleni. "Ndeshi, kuna kitu kimebadilika humu ndani?"

Ndeshi alitabasamu. "Wewe ndiye uliyebadilika, na mimi namshukuru Mungu. Nilidhani hii safari yako ya kuwinda itakuondoa kwangu. Kumbe siku hizi unakuja, unakaa nami, unaniuliza kazi imekwendaje. Miaka yote hii hukuwahi kuniuliza."

Ni kweli, Isack hakuwahi kuuliza. Na hata sasa alikuwa hajauliza.

Akamweleza yote. Mwanzoni Ndeshi alikasirika, akadhani anatafutiwa sababu. Kisha akaanza kukumbuka. Kwamba huyo anayekuja jioni huwa hanywi chai, hukishika kikombe tu mpaka kipoe. Kwamba akitaka kuondoka husema, "Nakwenda kukaa." Kwamba hajawahi kumwona akipepesa macho.

Wakakubaliana kumjaribu. Jumamosi alasiri, mchana mweupe, majirani wakikata majani, Isack aliingia hemani na simu sikioni. Ndeshi aliketi jikoni, simu yake mezani, laini ikiwa wazi.

"Upo?" Isack alinong'ona.

"Nipo. Hajaja mtu."

Walisubiri. Mashine za majani zilinguruma mbali. Isack aliwasikia watoto wa jirani wakicheka. Kisha, kwenye simu, alisikia kiti kikivutwa.

"Pole na kazi, mke wangu," sauti ilisema. "Leo miguu haijakuuma?"

Ilikuwa sauti yake. Lafudhi yake ya Machame. Hata kile kikohozi chake kidogo.

Isack alisikia pumzi ya Ndeshi tu, fupi fupi.

"Unaongea na nani?" sauti iliuliza.

Simu ikakwaruza. Mtu aliichukua. Kisha ile sauti ikaja karibu, sikioni kabisa, tulivu.

"Kaa kimya. Utawafukuza swala."

Isack alirukia zipu. Haikufunguka. Alivuta. Haikufunguka. Kidirisha cha upande wa nyumba alikiona kikijifunga chenyewe, pole pole, mstari wa mwanga ukipungua, mpaka giza likawa moja. Na gizani, nyuma yake, mahali pasipo na nafasi ya mtu, paliachwa wazi mahali pa kukaa. Alipahisi. Palikuwa na joto, kama kigoda alichokalia mtu akainuka sasa hivi.

Akapapasa podo. Akachomoa mshale. Ncha yake ilikuwa na nyembe tatu, alizozinunua kwa ajili ya mnyama. Akaichana ile turubai toka juu hadi chini, akatumbukia juani.

Jikoni alimkuta Ndeshi ameketi sakafuni chini ya sinki, mikono mdomoni. Hapakuwa na mtu mwingine.

"Ana harufu yako," alisema kwa sauti ndogo. "Swai, ana harufu yako."

"Alikwambia nini?"

"Ulipoanza kuchana hema aligeuka dirishani. Akasema, 'Kumbe hakutaka kukaa.' Basi. Sikumwona tena."

Jumatatu Isack alimwambia Jordan asimhesabu, safari hawezi. Jordan alisikitika, akakubali. Hema walilitupa kwenye jaa la mji. Lakini Ndeshi hakuweza tena kusimama pale jikoni, na ilipofika Ijumaa, siku ileile ambayo Isack angekwenda kuwinda, walifunga nyumba wakaenda Houston kwa Clothilde. Isack alikuwa na jambo lake huko.

Safari hii yule mama alimfungulia mlango kwa furaha. Mapazia yalikuwa wazi, maua mezani. Alionekana mdogo kwa miaka kumi. Alipomtambua Isack, furaha ile ikazimika.

"Mume wako yuko wapi?" Isack aliuliza.

"Mume wangu aliingia kwenye hema lile siku moja asubuhi kule nyikani. Jioni waliniletea mtu."

"Yule niliyemwona mezani?"

"Ndiye."

"Alikwenda wapi?"

Mama alishangaa. "Si aliondoka na wewe?"

Isack alishika nguzo ya baraza. Akamweleza kwamba hema hakuwa nalo tena, kwamba amelichana, limetupwa.

Mama alifunika uso kwa mikono. "Umelichana kwa nini? Kule ndiko alikokuwa anarudi." Alirudi nyuma hatua, akaanza kufunga mlango. "Sasa atataka kuishi kama watu."

Isack hakumwambia Ndeshi maneno hayo ya mwisho. Alimwambia tu kwamba mama yule yu salama na kwamba mambo yamekwisha. Walikaa kwa Clothilde, wakabembeleza mtoto, wakaimba kwenye ibada yao ya Jumapili, na Ndeshi akacheka tena. Walirejea Richardson jioni. Isack alizunguka nyumba nzima kabla ya kumruhusu mkewe ashuke garini. Milango ilikuwa imefungwa. Kila kitu kilikuwa mahali pake. Walilala.

Jumatatu asubuhi Isack aliwahi kutoka, akamwacha mkewe anajiandaa kwa zamu yake. Ofisini Jordan alimpokea kwa kumpiga bega.

"Haliumi? Mtu wa mara ya kwanza, mshale mmoja tu! Nimewahadithia wote hapa."

"Mshale gani?"

Jordan alicheka. "Acha unyenyekevu. Nimefurahi ulivyonipigia Ijumaa alfajiri kwamba umebadili mawazo. Kusema kweli sijapata kuona mtu anayekaa kimya vile. Swala walikuja mpaka mlangoni kwako kama mifugo."

Isack aliketi.

"Tulirudi lini?"

"Swai, u mzima? Jana mchana. Nilikushusha kwako, ukaingia na nyama yako."

Jana mchana Isack alikuwa Gulfton, kanisani, mtoto wa Clothilde mikononi.

Hakuaga. Treni aliiona haiendi. Alipofika nyumbani alifungua friji, kabati, stoo, akachungulia chini ya vitanda. Hakukuwa na nyama. Hakukuwa na mtu. Akampigia Ndeshi. Simu iliita sana, kisha mkewe akapokea, sauti imechangamka, nyuma yake kelele za wodini.

"Nilikuwa nataka kukupigia," alisema. "Asante, mume wangu."

"Ya nini?"

"Ya supu. Nimeikuta mezani asubuhi, kwenye chupa ya chai, imefunikwa kwa kikaratasi. Nimeinywa yote sasa hivi, mapumziko. Ni nyama gani ile? Sijawahi kula laini hivyo."

Isack alikuwa tayari anatafuta funguo za gari.

"Swai? Haloo?"

Alimfuata kazini. Ndeshi alipoelewa alichokunywa aliingia chooni, akatapika, akatoka uso umemjaa machozi. Chupa ile haikuwa ya kwao. Ilikuwa ya bati, ya zamani, imebonyea ubavuni. Waliitupa kwenye pipa la takataka nyuma ya hospitali, wenyewe, wakaisikia ikigonga chini. Hawakurudi nyumbani. Walikwenda kwa Nyaga, na Nyaga, ambaye Isack alimwomba radhi bila kueleza ya nini, aliwatandikia sebuleni asiulize neno.

Siku ya pili, jua likiwa katikati ya anga, wanaume hao wawili walikwenda kuchukua nguo na hati. Siku hizi Isack na Ndeshi wanakaa Fort Worth, ghorofani, mahali pasipo na ua. Hawajasikia kitu. Ndeshi ana afya yake. Ila hapendi kuulizwa na mumewe kazi imekwendaje, huondoka chumbani.

Siku ile Nyaga ndiye aliyetangulia kuingia. Isack alimsikia akiita toka jikoni.

"Kwani mliacha mtu humu?"

Nyumba ilinukia bizari. Meza ilikuwa imefutwa. Katikati yake ilisimama ile chupa ya bati iliyobonyea, imejaa, inatoa mvuke. Kando yake, kimegeuzwa mdomo juu tayari kumiminiwa, palikuwa na kikombe kimoja tu.

Kilikuwa cha Ndeshi.