Nyumba Iliyoacha Kumjibu Chiriku

Mgeni alibisha hodi, lakini randa ya umeme ilikuwa ikinguruma. Seremala alipoizima, alimkuta mwanamke asiyemjua amesimama mlangoni, mkoba begani.

"Hujambo, fundi. Wewe ndiye baba yake Chiriku?"

Mkewe seremala, aliyekuwa akipiga msasa mguu wa kiti, aliacha kazi. Kaka mkubwa wa seremala, aliyekaa juu ya rundo la mbao, alikohoa. Jina hilo halikuwa limetajwa humo kwa wiki kadhaa.

"Ndiye mimi. Amefanya nini tena?"

"Hajafanya kitu. Mimi ni mshauri wa zahanati. Kila asubuhi binti yako anakuja kukaa kwenye benchi la wagonjwa. Tumempima, hana ugonjwa. Nikamuuliza, mbona unakuja? Akaniambia, 'Hapa mtu akiingia anasalimiwa.'"

Msasa ulimponyoka mama mtu.

"Akueleze na alilolifanya basi!" alisema kaka mkubwa. "Nimemlipia mafunzo ya ushonaji, kayaacha bila kuniambia. Namuuliza, ananijibu jeuri mbele ya wageni wangu. Tukakubaliana hakuna kumsemesha mpaka aombe radhi."

"Na sijamgusa hata kofi," seremala aliongeza. "Chakula anapewa. Kitanda anacho. Mwingine angemcharaza bakora."

"Chakula anakula na nani?"

Mama alijibu kwa sauti ndogo. "Namwekea mezani... kisha naondoka."

Mshauri alikaa kwenye kigoda ambacho bado hakijapakwa rangi. "Fundi, kuna njaa ya chakula na kuna njaa ya watu. Zote mbili zinadhoofisha. Mtu akitengwa na watu wake, ubongo hulichukua hilo kama hatari, karibu kama mwili umeumizwa. Tumbo linakaza. Usingizi unakimbia. Akikaa hivyo muda mrefu, anaanza kuamini kwamba hana thamani. Halifikirii tena kosa lake."

"Akiomba radhi yatakwisha," kaka mkubwa alisema.

"Ataiombaje kwa watu wasiomjibu?"

Kaka mkubwa aligeuza uso. Mshauri akaendelea.

"Jana aliniuliza, 'Nikiondoka, nyumbani watachukua muda gani kujua?'"

Kalamu ilianguka kutoka sikioni mwa seremala. "Yuko wapi sasa?"

"Yuko na muuguzi. Hatumwachi peke yake. Anajua nimekuja kwenu."

"Nifanye nini, dada yangu?"

"Msikilize. Kosa lipo, na mtalizungumza. Ila mkanye akiwa ndani, usimkanye kwa kumfungia nje. Anza na jambo dogo. Akiingia hapa, msalimie wewe kwanza, hata awepo nani."

"Nitamsalimia. Naahidi."

Mshauri akaenda kumleta. Kaka mkubwa akainuka.

"Mgeni wa dakika mbili anakugeuza kama ubao? Sikiliza, mdogo wangu. Hii mashine ya randa ni yangu. Ukimsemesha kabla hajaniomba radhi, naondoka nayo leo leo."

"Kaka, nina milango ya shule ya kumaliza!"

"Ndiyo maana nakwambia ufikiri."

Seremala alichukua ufagio akafagia mahali palipokwisha kufagiwa. Mkewe alimtazama. Mara kivuli kikaziba mlango. Chiriku aliingia na mshauri, macho chini. Alikuwa amekonda, na baba yake hakuwa ameona, kwa kuwa hakuwa akimtazama. Alipita akijibana ukutani, kama alivyokwisha kuzoea. Kaka mkubwa aliushika waya wa mashine.

Seremala aliuweka ufagio chini.

"Chiriku. Habari za asubuhi, mwanangu?"

Binti aligeuka kutazama nyuma yake, kana kwamba anasalimiwa mtu mwingine.

"Ni wewe," alisema baba. "Nakusalimia wewe."

Chiriku aliinua macho. "Shikamoo, baba."

"Marahaba. Njoo ukae hapa karibu yangu."

Waya ukachomolewa. Kaka mkubwa aliita wachukuzi, na mashine ikatoka mlangoni huku wote wakiitazama.

Ndipo Chiriku alipozungumza. Kule kwenye ushonaji, wenzake walikuwa wakihama meza kila alipokaa. Hakujua sababu. Aliona aibu kusema, akaacha.

"Kumbe na huko!" mama alilia. "Na sisi tukakuongezea."

"Lakini baba mkubwa nilimjibu vibaya. Hilo ni kosa langu."

"Tutakwenda wote kumwomba radhi," alisema baba. "Mimi nitakuwa pembeni yako. Na zahanati utaendelea kwenda kuzungumza na huyu dada, siyo kukaa bure kwenye benchi."

Mshauri alitabasamu, akaaga.

Seremala akashusha randa ya mkono ukutani, akaipuliza vumbi. "Haya, shika ncha ile."

Chiriku alishika ubao. "Baba, kwa mkono hii milango itakwisha lini?"

"Wee! Hata mimi sijui. Piga soga tu, tutafika."

Chiriku akaanza taratibu, kisha maneno yakamjia kwa kasi kama zamani. Mabega ya seremala yaliuma, jasho lilimtiririka, na ubao ulikuwa bado mrefu. Lakini kila binti yake aliposema neno, alisimamisha randa, akamjibu.